Kisu Kilichobaki Kwenye Droo

Niliondoka Isiolo kwa sababu ya ngamia ambaye hakuwa wangu. Kulikuwa na sababu nyingine pia, ambayo sikumwambia mtu. Tangu kaunti zianze na mji ukajaa watu wa kujenga, nimekuwa na duka la vyuma karibu na mtaa wa Bulla Pesa. Nauza misumari, mabati, mapanga, mashoka na visu. Wateja wangu wengi wa visu ni wafugaji, nami kila siku nawaeleza kisu gani ni kizuri porini. Lakini mimi ni mtu wa Kirinyaga, nimezaliwa kwenye majani ya chai, na katika miaka yote hiyo sikuwa nimelala porini hata mara moja. Nilikuwa mtaalamu wa mahali nisipopajua.

Ngamia alikuwa wa Halake, dalali wa mifugo na rafiki yangu wa tangu nilipofungua duka. Alikuwa jike mwekundu, na kwa hiyo walimwita Dimtu, ambalo kwa Kiborana ni jina la rangi hiyo. Alikaa kwa Kabale, dadake Halake, mjane aliyekuwa amepiga kambi mashariki ya Rapsu. Ukame ulikuwa umewakausha ngamia wengine wote, akabaki Dimtu peke yake anayetoa maziwa. Kabale na majirani zake walikunywa hayo, na kidogo kilipanda basi kuja mjini, kwa hivyo hata chai ya nyumbani kwangu ilitoka kwa Dimtu. Sasa alikuwa amepotea siku nne.

"Baba Wawira," Halake aliniambia, "wewe uko na gari. Nipeleke. Hiyo ngamia ikipotea, dada yangu hana kitu."

Nikakubali kabla hajamaliza.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, alifika dukani akiwa na mkeka, kibuyu cha maji na fimbo.

"Kisu yangu iko tayari?" akauliza.

Hapa lazima niseme ukweli. Wiki tatu kabla, Halake alikuwa ameniletea kisu chake nikitie mpini mpya. Kilikuwa kisu kirefu, kutoka kifundo cha mkono hadi kiwiko, kilichofuliwa na mhunzi wa Kiborana kutoka kwa springi ya lori. Cheusi, hakina urembo wowote, lakini ukikigusa tu makali unajua umegusa kitu. Nilimwambia kesho. Kesho yake nikamwambia kesho. Kilikuwa kwenye droo, chini ya risiti, mpini ukicheza kama jino la mtoto.

"Bado, mzee," nikasema. "Lakini usijali. Leo utatembea na kitu ya maana."

Nikafungua kabati la kioo na kutoa kisu nilichokipenda kuliko vyote. Boksi lake lilikuwa na picha ya mnyama mwenye pembe za matawi, wa nchi za baridi, na mwanamume mwenye ndevu akimwangalia. Huku kwetu kuwinda kumekatazwa na sheria tangu zamani, lakini visu vya kuwinda vinapendwa sana, hasa na watu wa ofisini. Kilimeta. Mgongoni kilikuwa na meno ya msumeno, mpini wa mpira, na kwenye kitako cha mpini kulikuwa na dira ndogo. Nilimweleza Halake hayo yote kana kwamba ni mteja.

Alikigeuza mkononi. "Hii ni fupi."

"Ni chuma ngumu, mzee."

"Ngamia ni kubwa."

"Kwani tunaenda kumchinja? Si tunaenda kumtafuta?"

Akacheka, akanirudishia, nami nikakifunga kiunoni. Panga niliacha pia, kwa kuwa lingekwaruza viti vya pikapu. Ndivyo muuza vyuma alivyotoka nyumbani kwenda porini.

Kulamawe tulifika jua likiwa limeanza kuuma. Tulikunywa chai ya maziwa ya unga, na Halake akauliza habari za Dimtu kwa kila mtu aliyesimama kivulini. Nilishangaa jinsi walivyouliza. Hawakuuliza kama ni mkubwa au mdogo. Waliuliza mguu wake wa nyuma unakanyagaje, na kengele yake ya mbao inaliaje. Hakuna aliyekuwa amemwona.

Kinna tulijaza maji, kisha tukashuka Rapsu, ambako mifereji ilikuwa bado na maji na vitunguu vimesimama kijani kwenye mistari. Baada ya mashamba hayo, kijani kilikoma ghafla. Barabara ikawa njia, njia ikawa alama za magurudumu, mwishowe Halake akawa ananionyesha kwa mkono tu, kulia, kushoto, kulia.

Saa kumi jioni tuliingia kambini. Nyumba nne za mikeka, boma la mbuzi la miiba, na Kabale amesimama nje akitufungulia uso kana kwamba hana shida yoyote.

"Salaam aleikum," alimsalimia kakake. Kisha akanigeukia mimi. "Habari ya mji, Baba Wawira? Leo umekuja kuona nyumba ya maziwa yako."

Hakukuwa na maziwa. Alitupa maji ya moto yenye majani ya chai, akaomba radhi, nami niliona haya kwa vikombe vyote nilivyokunywa mjini bila kuuliza vinatoka wapi.

Kabla jua halijazama, Kabale alitaka kuziba pengo kwenye boma. Alikuwa na shoka, lakini mimi niliruka. Nilitaka kuonyesha msumeno wa kisu changu. Nikaanza kukereza tawi la mgunga, wanawake wakasimama kutazama, nami nikazidi.

Halake alikuja karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Hiyo weka. Kisu ya kuchinja haikati mti."

"Hii inakata kila kitu, mzee. Ndiyo uzuri wake."

Akaniacha. Nilikata matawi matatu kwa muda ambao shoka la Kabale lingekata kumi. Meno ya msumeno yakazibwa na utomvu, nikageuza nikatumia makali, nikayapiga kama panga. Wanawake walicheka sana na mimi nikacheka nao, nikidhani tunacheka kitu kimoja.

Asubuhi ya Jumapili, tulipokuwa tukiondoka, Kabale alitoka ndani na kitu kirefu kilichofungwa kwa kitambaa. Kilikuwa kisu cha marehemu mumewe. Wanawe walikuwa wamehama na ng'ombe kuelekea mtoni, naye alikibakisha hapo.

"Bebeni," akasema. "Porini huwezi jua."

Mimi ndiye niliyejibu. Nilijipiga kiunoni nikasema, "Tuko nacho, Mama."

Kabale alimtazama kakake. Halake alinitazama mimi, kisha akatazama chini. "Mgeni ako na kisu," akasema. Kabale akakifunga tena kitambaa. Wakati ule sikuona kitu. Leo najua kwamba Halake alikuwa amechagua kutoniaibisha mbele ya dadake, na kwamba chaguo hilo lilimgharimu yeye.

Tulifuata nyayo tangu saa moja. Huo ndio uwindaji pekee niliowahi kushiriki, na nilijifunza mengi kwa saa chache. Halake alisoma mchanga bila kusimama. Hapa alikula, hapa alilala, hapa aliogopa kitu akakimbia. Tukazunguka mduara mkubwa, nami nikaanza kuona tunarudi tulikotoka.

"Alikuwa anarudi nyumbani," Halake akasema, na kwa mara ya kwanza akaongeza mwendo.

Saa saba hivi tulisikia kengele. Ililia mara moja tu, vibaya. Dimtu alikuwa chini ya korongo, saa moja tu kwa miguu kutoka kambini. Ukingo ulikuwa umemvunjikia. Mguu wa mbele ulikuwa umevunjika na ubavu umeingia ndani, na pumzi yake ilikuwa ikikatika. Alimjua Halake. Aligeuza kichwa.

Nilijua kilichokuwa hatarini, maana Halake alikuwa amenieleza njiani. Maziwa yalikuwa yamekwisha, hilo halikuwa na dawa tena. Lakini ngamia mzima ni nyama ya nyumba nne kwa wiki nyingi, ikikatwa vipande vyembamba, ikakaushwa na kuhifadhiwa kwa mafuta. Ilibidi tu achinjwe inavyotakiwa, kwa mkono wa Mwislamu, kwa jina la Mungu, akiwa bado hai. Akifa mwenyewe, ni mzoga, na hakuna atakayemgusa.

Halake alimgeuza kichwa kuelekea kibla, akanyoosha mkono bila kunitazama. Nikampa kisu.

Ngamia hachinjwi kooni kama mbuzi. Huchomwa chini ya shingo, pale inapokutana na kifua, kwa kisu kirefu kinachofika ndani mara moja. Halake alisema bismillahi na kuchoma. Kisu kilipasua ngozi, kikakwama. Akachoma tena. Makali yalikuwa yameliwa na matawi yangu ya mgunga, na hata kama yangekuwa mazima, urefu haukutosha. Ule mpini wa mpira, niliousifu kwa wateja wangapi sijui, uliteleza kwenye damu. Mara ya tatu. Mara ya nne. Dimtu alipiga kelele ambayo sitaki kuieleza.

"Jiwe!" Halake akasema. Nikakimbia kutafuta jiwe, nikaleta, akalikataa, nikaleta jingine. Akaanza kunoa, haraka haraka. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa cha Dimtu, kwa hivyo mimi ndiye niliyejua kwanza. Kikawa kizito ghafla.

"Mzee," nikasema.

Aliacha kunoa.

Kisha nikafungua mdomo na kusema neno ambalo ningelipa chochote kulirudisha. "Lakini si umemkata, mzee? Damu si imetoka? Nani atajua?"

Hakukasirika. Alifuta kisu kwa mchanga, akanipa. "Mimi nitajua," akasema. Akapanda ukingo, na mimi nikamfuata.

Kambini walikuwa wameshaandaa kila kitu endapo ngamia atakuja, hai au nyama: kamba, beseni, sufuria kubwa juu ya mafiga. Kabale aliona nyuso zetu. Halake aliongea naye kwa Kiborana, maneno machache, kisha akanitafsiria kwa Kiswahili mbele ya wote ili nijue amesema nini.

"Nimeambia yeye tulichelewa. Tulipata kama imeshakufa."

Nilitakiwa kusema. Nilikuwa na pumzi, nilikuwa na Kiswahili, na wote pale walikielewa. Nilitikisa kichwa kukubali. Nilisema hata, "Pole sana, Mama. Tulichelewa kidogo tu."

Kabale alisema atakwenda kuleta kengele na kamba, kwa kuwa vitu hivyo bado ni vya nyumba. Aliondoka peke yake. Mimi nilibaki nikiwaangalia wanawake wakiitoa sufuria kubwa motoni na kuirudisha ndani, ikiwa tupu.

Alirudi jua likiwa karibu kuzama, kengele mkononi. Aliiweka chini, akanawa, akatengeneza chai ile ya maji. Kikombe cha kwanza alinipa mimi, si kakake. Alikung'uta karatasi ya sukari mpaka chembe ya mwisho, yote ikaingia kwenye kikombe changu. Nilikunywa nikishusha pumzi. Nilijiambia kwamba mtu hawezi kumpa sukari yake ya mwisho aliyemwangamiza, kwa hivyo lazima ameamini.

Jumatatu tulirudi. Rapsu, Kinna, Kulamawe, vituo vilevile kinyumenyume, na hakuna tulipoteremka kunywa kitu. Halake aliongea habari za barabara na bei ya mbuzi. Nilipomshusha Bulla Pesa alinishukuru kwa gari.

Siku hiyo hiyo nilifungua droo. Kutia mpini kwenye kile kisu cheusi kulichukua chini ya nusu saa. Nilichonga mti, nikapiga ribiti tatu, nikasugua. Chini ya nusu saa! Nikakaa nacho wiki mbili tena, safari hii si kwa uvivu. Sikuwa na uso wa kukipeleka.

Mwishowe nilikwenda. Halake alikuwa amekaa mlangoni kwake. Alikipokea, akajaribu mpini, akapitisha makali kwenye nywele za mkono, zikaanguka.

"Ni mzuri," akasema. "Kazi safi."

"Mzee," nikasema, "nataka kurudi kwa Kabale. Nataka kumwambia ukweli. Hatukuchelewa."

Alikirudisha kisu kwenye ala polepole.

"Baba Wawira, yeye si alienda kuleta kengele?"

"Ndiyo."

"Kengele inafungwa wapi?"

Macho yangu yalibaki kwenye ala.

"Shingoni," akasema Halake. "Aliona matobo yote manne. Akarudi, akakupikia chai."

Kile kisu chenye picha ya mnyama wa baridi bado kiko dukani. Nimekitoa kwenye kabati la kioo, na mtu akikiulizia namwambia hakiuzwi. Kwa kila anayetaka kisu cha porini, siku hizi namuuliza kwanza atakata nini, nani atakishika, na kama kile alicho nacho nyumbani kimeharibika kweli au kinahitaji mpini tu. Wengi huondoka na mpini. Ninautia palepale, wakiwa wamesimama.

Na nyumbani nakunywa chai bila sukari. Mke wangu anadhani ni daktari aliyenikataza.