Dawa Imeingia

Harufu ya spiriti zahanati inanirudishia uchungu wa klorokwini mdomoni. Utotoni mama alinipeleka nikiwa na homa, nimeshika sikio la kushoto, nalia.

“Daktari, ni sikio,” mama alisema.

“Homa hii ni malaria, mama,” alijibu, hata sikio lenyewe hakulitazama.

Nikameza vidonge vya klorokwini. Mwili mzima ukaniwasha, nikawa najikuna mgongo kwenye mawe ya uani kwetu Igogo. Mama akafurahi: “Ukiwashwa, ujue dawa imeingia!”

Imeingia wapi, na sikio linatoa usaha?

Leo muuguzi anamulika sikio la binti yangu, huku akinieleza jambo. Namwomba arudie. Anarudia. Nageuza kichwa, nimpe sikio la kulia.