Nilivyokwama Ndani ya Ndege ya Kemunto

Chekeni tu, nimeshazoea, maana hata muuza ndizi wa pale Kenyenya akiniona huniuliza, "Mwalimu, ndege ilitua salama?"

Mimi hufundisha fizikia, na mwanafunzi wangu Kemunto alikuwa ametengeneza ndege ya mashindano ya sayansi, kuonyesha kelele ya nje inavyozuiwa isifike kwa abiria: tangi kuukuu la bati lililolazwa, mbavu za nondo ndani, na katikati ya mbavu tumeshindilia sponji za magodoro na majani makavu ya migomba. Alitaka pia kuweka raba kati ya nondo na bati, akidai mtikisiko hupitia kwa chuma, nami (kichwa ngumu) nikamwambia, "Wacha mambo mingi, raba ni ya nini?"

Siku ya majaji, Kemunto ndiye alipaswa kuingia asikilize honi ya bodaboda, lakini mimi na tai yangu mpya nikasema naingia mwenyewe. Wee! Mlango ukafungwa, honi ikalia nikaisikia kwa mbali kama mbu, nikafurahi, nikasukuma nitoke, kumbe mlango umekwama. Nikaita. Nikapiga mayowe, "Nyasae, nkonye! Mungu, nisaidie!" Wapi! Joto, vumbi la migomba, pumzi naiona inaisha, na huko nje (niliambiwa baadaye) Kemunto anawaeleza majaji, "Mnaona mwalimu alivyotulia?"

Niliogopa kweli, jamani, nikawaza watoto wangu. Ndipo nikakumbuka zile nondo. Nikavua kiatu, nikagonga ubavu mmoja kwa kisigino, ngo! ngo! ngo!, tangi zima likalia kama kengele ya kanisa. Watu wakapiga makofi! Walidhani ni sehemu ya maonyesho. Nikagonga bila kupumzika mpaka Kemunto akashtuka, "Huyo amekwama!" Wakaulazimisha mlango, wakanivuta miguu kwanza, tai iko mgongoni, suruali imechanika mahali pasipotajika, shule nzima inaangalia. Aibu niliiona, lakini ile hewa ilikuwa tamu kuliko chai.

"Nimelia humo mpaka koo limekauka!" nikawaambia.

Jaji mmoja, mama wa miwani, akauliza mbona mayowe hayakusikika na kugonga kukasikika. Kemunto akajibu, "Sauti ya hewani inamezwa na sponji, lakini ya kugonga inatembea kwa nondo mpaka kwa bati. Ndiyo maana nilitaka raba." Akanigeukia. "Lakini ningeiweka, mwalimu, saa hii ungekuwa bado uko ndani."

Alishinda. Sasa raba ameweka, na juzi aliniomba niingie tuijaribu. Nikamwambia, mwanangu, mimi siku hizi hata choo sifungi komeo.