Aliyeikwamisha kompyuta kuu

Jamani, aliyeikwamisha kompyuta kuu leo ni mimi.

Si ninyi mnaoandikisha wakimbizi kwenye zile mashine sita zilizounganishwa nayo. Mnisamehe kwa kelele za asubuhi.

Nilikuwa nimeshatangaza kwamba kumbukumbu ya mashine haitoshi na watumiaji ni wengi mno. Wakati huo mama mmoja kutoka Rwanda alikuwa kwenye benchi tangu saa mbili, akisubiri tutafute jina la binti yake waliyepotezana naye njiani. Tunaandika jina, mashine kimya.

Nikafungua orodha ya programu zinazofanya kazi, kila moja na jina la aliyeiwasha. Mama Koku wa masjala akachungulia nyuma yangu.

"Fundi, mbona hapa ni jina lako tupu?"

Nikacheka. Kisha nikasoma.

Jana niliweka programu ya kuhesabu majina, ijiwashe yenyewe kila baada ya dakika kumi. Moja haijamaliza, nyingine inaanza. Zilikuwa zimerundikana kumi na tisa, zimemeza kumbukumbu yote!

Nikazizima zote, mbele ya watu wale wale niliowafokea. Aibu niliyoisikia, acheni tu.

Mashine ikaamka. Jina likatokea: binti yupo Nyaishozi, mzima, kwa familia ya wakulima wa kahawa.

Yule mama akanishika mikono yote miwili.

"Mshukuru huyu, mama," nikamwambia, nikimwonyesha Mama Koku.

Mama Koku akamkumbatia, wakalia pamoja pale pale masjala.

Asante sana, Mama Koku. Nanyi mliofokewa, andikeni hapa chini lolote mnalotaka kuniambia. Leo nasikiliza.