Fundi Aliyeambiwa Kuchagua si Kazi Yake

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu kutoka Kilosa, nikaambiwa fundi wa ndege amefariki usingizini, nyumbani kwake. Wasomaji wa siku nyingi watamkumbuka, maana nimemwandika hapa mara mbili: mara ya kwanza kwa kumkosea, mara ya pili kwa kumwomba radhi. Alhamisi tulimzika Kidete, kwao, jirani na reli. Mchungaji alipomaliza alisimama aliyekuwa mwajiri wa marehemu, tajiri mwenye mashamba na kambi ya watalii upande wa Mikumi, akatuambia kwamba fundi alikuwa kama mdogo wake, na kwamba yeye ndiye aliyemfunza kupenda ndege. Nikaanza kunyanyuka. Mjane, aliyekuwa amekaa mbele yangu, aligeuka akaniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, usimjibu kaburini." Nikakaa. Nimemtii. Ila hapa si kaburini, na leo sitaandika kwa upole. Jina la tajiri huyo sitalitaja, kwa kuwa safu hii haitaji majina ya watu, na sitaanza kuwapa heshima hiyo watu wa aina yake.

Tajiri huyo aliagiza ndege ndogo ya watu wawili, zile zinazokuja vipande vipande kwenye makasha, ukaziunganishe mwenyewe. Muuzaji alimwachia mnunuzi achague mambo mawili: namna ya magurudumu, na namna ya kifuniko cha chumba cha rubani. Fundi alitaka magurudumu mawili makubwa mbele na kadogo mkiani. Hakuficha kwamba ndege ya namna hiyo humsumbua rubani wakati wa kutua, lakini alijua itakakokwenda kutua ni Tindiga, kwenye kiwanja cha nyasi katikati ya mashamba ya mpunga, ambako masika yakianza udongo mweusi humeza hata trekta. Gurudumu dogo likiwekwa mbele badala ya mkiani, alisema, litazama na ndege itapinduka. Na kwa sababu ndege inaweza kupinduka, akataka kifuniko chenye vyuma imara juu ya vichwa, na mlango kila upande. Tajiri alikuwa ameona picha. Alitaka gurudumu la mbele, kwa kuwa ndege ilisimama vizuri pichani, na kifuniko cha plastiki angavu, kipande kimoja kinachofunuka kwa juu. Alisema hakununua ndege ili aketi ndani ya kibanda cha mkaa. Fundi alipojaribu kumweleza tena, alimkatiza mbele ya wafanyakazi wote: "Wewe kaza nati. Kuchagua si kazi yako."

Akakaza nati. Masika ya kwanza ndege ilitua Tindiga, gurudumu la mbele likazama, mguu wake ukakunjika, ndege ikalala chali. Rubani, dada mmoja wa Morogoro, alibaki kichwa chini ndani ya ile plastiki, kifuniko kimekandamizwa topeni na petroli inamdondokea shingoni. Wakulima waliokuwa wanapalilia mpunga walikuja mbio, wengine wakauinua mkia kwa mabega, wengine wakapasua kifuniko kwa majembe mpaka wakamtoa. Alivunjika bega. Jioni ile ile tajiri aliwaambia waandishi wa habari kwamba fundi wake alisahau kukaza nati. Nami, bila kwenda Tindiga wala kumtafuta fundi, nikaandika hapa makala nzima kuhusu uzembe wa mafundi wetu. Wasomaji walinipongeza sana kwa makala ile.

Fundi alifukuzwa kazi. Mikumi hapakuwa na aliyempa hata baiskeli aitengeneze. Baada ya miezi alikuja ofisini kwangu, akanisalimu kwa adabu, akaniwekea mezani nakala ya taarifa ya wakaguzi wa ajali ile. Nati zote zilikutwa zimekazwa. Akaniomba niisome yote mbele yake, naye akakaa akinitazama mpaka ukurasa wa mwisho. Niliandika masahihisho, mhariri akayaweka chini kabisa, karibu na matangazo ya viwanja. Majirani walimwambia mwenye nguvu mpishe. Hakumpisha. Alihamia Ruhembe, akapanga banda pembeni ya mashamba ya miwa, akaanza kuunda ndege yake kwa mabomba ya chuma na kitambaa. Miguu yake aliifua kwa chuma cha springi, akaivika matairi manene, gurudumu dogo akaliweka mkiani. Milango ilikuwa miwili, na kila mmoja una pini ya kuvuta ili uchomoke wote hata ndege ikiwa imelala chali. Kazi hiyo ilimla miaka, na kibali cha kuirusha kikala mingine. Nilipomuuliza anajenga kwa ajili ya nani, aliniambia waziwazi: "Kwa ajili yake yeye. Nataka aione."

Akaiona. Fundi alisubiri masika, akasubiri siku ambayo tajiri angekutana na wakulima wake Tindiga. Rubani alikuwa yule yule dada; aliomba mwenyewe kuirusha. Walitua kwenye tope lile lile, wakaruka, wakatua tena, na mara ya tatu wakasimama hatua chache kutoka kwenye mkutano. Fundi alishuka, suruali imemtapakaa tope, akamwendea bwana mkubwa mbele ya watu wote.

"Shikamoo, mzee."

Ilibidi aitikie. "Marahaba."

"Karibu uzikague nati."

Tajiri alitazama ndege, akatazama watu, akaingia garini akaondoka na mkutano wake haujafungwa. Wale waliopasua kifuniko kwa majembe walicheka mpaka wakaketi chini. Wapo wanaofundisha kwamba kisasi hakimfurahishi mtu. Nilimuuliza fundi jioni ile, akasema alifurahi sana, na kwamba kama asingefurahi angekuwa mgonjwa.

Kwetu huku mwenye mali huchagua na mwenye spana hubeba lawama. Ndivyo ilivyo kwenye nyumba zinazoanguka na madaraja yanayosombwa: hutafutwa fundi, na aliyechagua hutafutiwa kiti msibani. Marehemu alilitafutia jambo hili dawa. Tangu siku ile, kila aliyemletea kazi Ruhembe, awe wa ndege au wa pampu ya maji, alimpa kalamu kwanza, aandike kwa mkono wake amechagua nini, na fundi alimshauri nini. Wengi walikasirika. Wewe fundi unayesoma hapa, fanya hivyo hivyo, hata kama mteja ni mkubwa na anakuita mdogo wake. Akikataa kuandika, weka spana chini uende nyumbani.