Nadine & Josiane

Siku ya kwanza kazini nilivaa suti ya sufu, na joto lile la Kigoma! Wenzangu walicheka hadi machozi. Nilikuwa nimehamishwa kutoka Iringa niwe mwendesha kompyuta katika kituo cha kupokea wakimbizi. Nikapanga chumba Buzebazeba, nikajifunza kupenda migebuka, samaki wa ziwani, kutoka soko la Katonga, na katika utumishi wangu wote hakuna miaka ninayoikumbuka kwa mapenzi kama ile.

Ninyi vijana mnabonyeza picha. Sisi tuliandika amri kwenye kioo cheusi. Nilikuwa na skripti mbili, yaani mafaili ya amri zinazojiendesha zenyewe. Ya kwanza ilichukua majina kwenye daftari la waliofika, ikaikabidhi ya pili, nayo ikachapa orodha ya lori la kwenda kambini. Makarani walikuwa na desturi yao: ndugu waliofika bila wazazi waliandikwa mstari mmoja na kuunganishwa kwa alama ya &, ili wasitenganishwe.

Nadine na Josiane walishuka kwenye boti kutoka Kagunga, mpakani na Burundi. Mkubwa alikuwa na miaka tisa hivi, mdogo minne. Asubuhi ya safari nilimkuta Josiane getini analia peke yake, lori limeshaondoka.

"Mzee, shikamoo. Huyu ana dada yake!" nikamwambia Mkuu wa Msafara.

"Marahaba. Hayumo kwenye orodha, Bwana Kompyuta. Na orodha umechapa wewe."

Niliona aibu, maana alisema kweli. Mashine ikikutana na & hudhani amri moja imekwisha na nyingine inaanza, kwa hiyo ilimchapa Nadine, ikamtupa Josiane. Dawa yake ni kulizungushia jina alama za kufungua na kufunga semi. Skripti ya kwanza huzivua inapopokea jina, hivyo lazima livikwe tena kabla ya kukabidhiwa ya pili. Mimi jana yake nilikuwa nimezifuta hapo pa pili ili amri ionekane nadhifu. Mjuaji!

Nilizirudisha, na kesho yake nikampakata Josiane hadi kambini. Nadine alikuwa langoni. Wahudumu wa kambi walisema hajala tangu afike, anamuuliza kila anayepita, "Murumuna wanje ari hehe?" Mdogo wangu yuko wapi? Alipotuona alimpokonya mtoto mikononi mwangu, akambeba mgongoni kwa kitenge, akakaza fundo. Kisha akanigeukia, akanipiga ngumi za tumbo.

Mlinzi akasogea kumzuia.

"Mwache," nikasema. "Mwache anipige."

Sasa nimestaafu. Vijana wa ofisini hunipigia simu kuuliza habari za skripti, nami huwaambia waanze kuzijaribu kwa majina yenye vikorombwezo. Hucheka, wakasema mzee ana woga. Ninao. Kwa siku nzima na usiku wake mtoto wa miaka tisa aliamini amempoteza mdogo wake, na aliyempotezea ni mimi, kwa kutaka unadhifu.