Siku Niliyokuwa Muti Kalengera

Habari hii niliapa sitaisema kwa mutu, lakini Kalengera nzima inaijua, sasa namuficha nani? Basi niwaambie mwenyewe, mucheke mara moja, mumalize.

Kikundi chetu cha teyatre, cha kuigiza, cha hapa Mapendo mujini Goma, kilialikwa kule kijijini Kalengera kwa siku ya ngoma na michezo, watu wakae katikati ya mashamba, waimbe nyimbo za mavuno, watoto wajue majina ya miti na ndege (sisi wa mujini ndege tunayoijua ni ile ya uwanjani). Mimi nilipewa kuwa Muti. Kazi rahisi: kusimama. Lakini moyo ulikuwa juu juu, sababu Safari, muchumba wangu, ni mutoto wa Kalengera, na mama yake, ambaye hajaniona hata mara moja, angekuja kuangalia.

Tunashuka kwenye gari, nafungua mufuko: nguo ya muti imebaki nyumbani, nimebeba mapazia ya kufua! Ningemwambia Papa Kambale, mukubwa wetu, angenigombeza kidogo, yangeisha. Hapana. Nikaingia shamba moja kando ya barabara, nikakata matembele, yale majani ya viazi vitamu, marefu, nikajizungushia toka shingo mpaka magoti, nikajiona muti wa kweli.

Tukaanza. Nimesimama, mikono juu, watoto wananizunguka wakiimba, mara nasikia mutu ananivuta nyuma. Mbuzi! Nikampiga teke la siri (muti hautembei, jameni), akaja mwenzake, wakaja wengine, wananila huku na huku, na watu wanapiga makofi wakidhani ndiyo muchezo wenyewe. Nilipoona nyuma kumebaki wazi nikapiga kelele, nikakimbia, mbuzi nyuma yangu, ngoma nazo zikaongeza mwendo, nikajikwaa, nikaanguka na singileti na sketi ya ndani miguuni pa mama mumoja.

"Mutoto, haya matembele umetosha wapi, umeyakata kwa nani?"

"Kwa shamba ile ya kule, Mama."

"Ile ni shamba yangu."

Nyuma yake nikamuona Safari, ameshika kichwa. "Mama," akasema, "ni yeye sasa, yule muchumba wangu. Ni Furaha."

Nilitamani udongo unimeze. Mama akaniangalia, akafungua kikwembe chake cha juu, akanifunika mabega, ndipo kicheko kikamushika mpaka akakaa chini. "Niliomba Mungu anipe mukwe wa kulima," akasema akipangusa machozi, "ananiletea wa kuvuna!"

Mangaribi ilitukuta shambani, mimi naye, tunapanda tena vipande vile mbuzi walivyoacha, ananionyesha namna ya kukunja shina ndani ya udongo, ananiita "Muti wangu," na mikono yangu ilinuka ardhi mpaka Goma.

Siku hizi nikisahau kitu nasema wazi nimesahau. Na Papa Kambale akigawa nafasi, naomba kuwa jiwe.