Siku Niliyojibu Kwamba Sina Ulemavu

Wadogo zangu mlio kituoni, kwanza mnisamehe kwa mwandiko wangu. Niliishia darasa la sita la msingi, na maneno mengine nayaandika jinsi ninavyoyasikia. Ukurasa mmoja unanichukua siku mbili. Tena mimi ni mtu wa haya, mbele ya watu watatu sauti inanipotea. Ndiyo maana naandika. Madame Masika aliniomba nije kusema nanyi uso kwa uso, nikakataa. Mama Kavira, ambaye mtamjua huko mbele, ameniambia nieleze yote bila kujipamba. Yeye ndiye mzee. Mimi nawaletea maneno yake, pamoja na aibu yangu.

Kuna asubuhi moja ambayo hainitoki kichwani. Ilikuwa Butembo, katika ua wa ofisi moja ya serikali, ukungu ungali juu ya vilima. Maofisa walikuwa wametoka mkoa mwingine kuja kuandika watu wa kuingia kazi ya serikali, na safari hiyo tangazo lilisema kuna nafasi zilizowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Madame Masika, ambaye kazi yake ni kutusindikiza sisi wenye ulemavu tunapomaliza mafunzo hapo kituoni mpaka tupate pa kushika, alikuwa amepeleka majina mawili, langu na la Kahindo. Kahindo mnamjua, yule fundi wa cherehani asiyesikia. Yeye alipangiwa kesho yake, ili Madame aje naye amtafsirie kwa mikono. Mimi nilipangiwa siku ya kwanza, peke yangu.

Mguu wangu wa kushoto uliharibika nikiwa na miaka mitatu, huko kwetu Alimbongo, kwa sindano iliyopigwa mahali pasipo pake. Tangu hapo natembea na mkongojo. Lakini asubuhi ile sikuingia nao uani. Baba mdogo aliyenilea, muuza viazi sokoni, alikuwa ameniambia, "Kambale, bale batu ba serikali bakiona fimbo, batafikiri unakuja kuomba. Ficha ile kitu." Msimlaumu. Alisema hivyo kwa kunipenda, na mimi ndiye niliyekubali.

Mkongojo niliuacha kwa mama mmoja anayekaanga mandazi ng'ambo ya barabara. "Nikiuuza usinililie," akaniambia. Nikavuka nikishika ukuta, nikakaa kwenye benchi lililo karibu kabisa na meza ya maofisa, kabla watu hawajafika, ili pasiwe na mtu wa kuniona nikitembea. Walipojaa, bwana mmoja mwenye tai akanitania, "Petit, kijana, ulilala hapa? Uko mbele sawa vile harusi ni yako!" Wakacheka. Mimi nilikuwa nahesabu hatua kutoka benchi hadi meza. Zilikuwa mbili.

Jina langu lilipoitwa nilisimama, nikaruka hizo hatua mbili, nikashika pembe ya meza. Ofisa hakuinua kichwa.

"Masomo?"

"La sita, Chef."

"Uko na ulemavu?"

"Hapana."

Akatia alama. Neno moja tu, mdogo wangu. Nilingoja ainamie karatasi za mwingine, nikatoka nikiupapasa ukuta.

Kesho yake Kahindo na Madame Masika walikwenda, wakarudi wameambiwa wasubiri. Sikuuliza kwa nini. Madame aliponiuliza yangu ilikwendaje, nilisema vizuri, nikatazama chini. Baada ya miezi kadhaa jina langu likatoka: huissier katika ofisi moja huko Beni, yaani mtu wa kupokea wageni mlangoni na kupeleka barua za serikali kutoka ofisi moja hadi nyingine. Baba mdogo alichinja kuku. Kahindo alikuja kunipongeza, akanishonea hata kola ya shati. Nilivaa shati lile siku ya kuondoka.

Sasa fikiria mwenyewe. Kwenye karatasi mimi ni mzima, kijana wa kutembea mji mzima na barua. Na ofisi yenyewe iko mtelemkoni, barabara ya udongo mwekundu, mvua ikinyesha hata mwenye miguu miwili anashika ukuta. Siku ya kwanza sikuwa na jinsi, niliingia na mkongojo. Wakaniuliza nilipata nini. Uongo wa kwanza ulikuwa umeshafungua njia, wa pili ukapita wenyewe.

"Moto ilinigonga," nikasema.

Nani angebisha? Pikipiki zinagonga watu kila siku. Chef wetu, yaani mkubwa wa ofisi, mtu wa mkoa wa mbali, mpole, wa shati jeupe lililopigwa pasi, akanipa pole ya kweli. "Wiki tatu zitatosha upone?"

"Zitatosha, Chef."

Kila asubuhi, kabla ya salamu, Chef aliuliza, "Na mguu?" Nami, "Iko napona kidogo kidogo, Chef." Muhindo, dereva wetu, akafanya mguu wangu kuwa mchezo wake. "Kambale, ule mufupa wako ni wa jiwe? Mimi nilivunjika mukono, kisha mwezi moja nikacheza mupira!" Nikaanza kuigiza kupona. Nikawa nauacha mkongojo nyuma ya mlango na kupita kwenye ujia nikitabasamu, mkono mmoja ukutani. Siku moja nilianguka na barua za watu matopeni, nikazifuta kwa shati langu mwenyewe, zikazidi kuchafuka. Wiki ya tatu Chef akatutangazia kwamba Jumatatu inayofuata tume itapita kuhakikisha kila mtu yuko kwenye kazi aliyoandikiwa. Akanigeukia. "Kambale, siku ile nataka nikuone ukitembea."

Nilimjua mtu mmoja aliyefutwa kazi kwa jina lililokosewa herufi, itakuwaje mimi niliyedanganya mguu mzima? Nikisema, nitafutwa kwa uongo. Nikinyamaza, nitafutwa Jumatatu. Nilizunguka humo humo kichwani.

Mama Kavira ndiye katibu wetu, amebakiza muda mfupi astaafu. Mkono wake wa kulia unaishia kwenye kiwiko, alizaliwa hivyo. Anapiga mashine kwa mkono wa kushoto, na karatasi anaikaza kwa kile kiwiko, upesi kuliko wenye vidole kumi. Nyumbani kwake amejaza ndugu waliokimbia vita kutoka Eringeti, kwa hiyo chakula chake cha mchana huwa kidogo, lakini hugawa. Alhamisi ile wenzetu walikuwa wametoka. Akafungua bakuli la fufu, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo.

"Kambale, njoo ukule."

"Nimeshiba, Mama."

"Umeshiba nini? Woga?"

Akanisogezea kiti kwa mguu.

"Ile moto ilikugonga, ilikuwa rangi gani?"

"Nyekundu."

"Na wewe ulikuwa na miaka ngapi? Tatu?" Akanitazama, hakucheka. "Mwana wangu, kaka yangu ana mguu kama ule. Ile ni sindano. Nilijua siku uliingia."

Nililia mbele yake kama mtoto, kisha nikamwambia yote, hata la Kahindo. Aliniacha nimalize. Ndipo akanieleza ya kwake, nami nayaandika jinsi nilivyoyashika. Alipoanza kazi akiwa msichana, alijitanda kitenge begani mwaka mzima, jua liwake lisiwake, ili mkono usionekane. Hakumpa mtu mkono wa salamu. Wenzake wakamwona mwenye majivuno, wakaacha kumwita kwenye misiba na harusi. "Nilipata kazi, nikapoteza batu," akasema. "Na waliokuja nyuma yangu hawakujua kama hapa ndani kuna mutu kama wao."

Kisha sauti yake ikabadilika. Akafungua kabati, akatoa nakala ya orodha iliyonileta kazini, akaweka kidole mahali pamoja. Palikuwa pameandikwa: wenye ulemavu, hakuna.

"Unafikiri yule Kahindo balimurudisha ju ya nini? Orodha ya mutu moja habafungui. Ilibidi mukuwe wawili. Wa pili alikuwa wewe. Ulificha fimbo, Kambale, na nyuma yake ukaficha na mutoto wa batu. Sasa bakubwa wakisoma hii, watasema tulifungua nafasi, hakuna aliyekuja. Watafunga."

Nilikuwa nimedhani uongo wangu ni wangu peke yangu. Mpaka siku ile nilijiona kama mtu aliyejiponya tu.

"Nitamwambia Chef nini, Mama?"

"Kweli."

"Atanifukuza."

"Pengine. Sitakudanganya kwamba hawezi. Lakini uende kabla tume haijafika, uende na fimbo, na mimi nitasimama kando yako."

Ijumaa tukaingia kwa Chef. Nilisema haraka haraka, macho yangu kwenye viatu vyake. Alivua miwani.

"Donc, basi hakuna moto."

"Hakuna, Chef."

"Siku zote hizi nakuuliza mguu, mguu! Unajua mimi niliandika kwa ripoti kwamba unapona?"

"Najua, Chef."

Mama Kavira akakohoa. "Chef, mimi nilijua siku ya kwanza nikanyamaza. Uandike na jina yangu."

"Mama, usinichekeshe, niko nakasirika!" Akazunguka chumba. Akasema kusahihisha fomu si kazi yake, ni ya ofisi iliyotuandika, yenye tawi lake chini ya mtelemko, na ofisi ile inaweza kusahihisha au kufuta jina. Yeye ataandika lililo kweli, kwamba nina ulemavu, kwamba nilificha, na kwamba nimesema mwenyewe. Mama akapiga mashine. Chef akatia sahihi, akagonga muhuri, akafunga bahasha. Kisha akatuangalia.

"Huissier hapa ni nani?"

"Mimi, Chef."

"Basi peleka."

Nikaipeleka. Nilishuka ule mtelemko na mkongojo wangu, daftari la barua kwapani, saa ambayo barabara imejaa watu. Nilipumzika mara nne. Sikumkuta mtu wa kunicheka, ingawa nilikuwa nimejiandaa kwa wote. Dada aliyepokea barua alitia sahihi, akaniuliza mbona siondoki. Nikamwambia, "Iliyo ndani ni habari yangu." Akanipa kiti.

Tume ilifika Jumatatu, ikanikuta kwenye meza ya kupokea wageni, mkongojo umeegemea mezani. Waliandika kitu, hawakuniambia nini. Tangu hapo barua za mbali anazibeba Muhindo kwenye gari lake, na bado ananitania, sasa anauliza kama ile pikipiki yangu imepona. Za karibu nazipeleka mimi. Barabara ikiruhusu Madame Masika anakuja kutoka Butembo, anakaa na Chef na mimi, tunaelewana ni kazi gani naiweza na ni gani itafutiwe njia nyingine. Msaada huo ulikuwa wangu tangu mwanzo. Niliukimbia mwenyewe.

Jibu la barua halijafika hadi leo ninapoandika. Kila bahasha inayoingia yenye muhuri wa ofisi ile inanikausha mate, kwa sababu mimi ndiye ninayezipokea.

Kahindo nilikwenda kumwambia mwenyewe. Nilionyesha kwa mikono yangu isiyojua vizuri lugha yake. Alipoelewa alinigeuzia uso, na kwa asiyesikia, akigeuza uso mazungumzo yamekwisha. Nilikaa pale kwenye mlango wa karakana mpaka alipomaliza kushona suruali mbili. Mwishoni aliandika kwenye kipande cha karatasi: jina langu wamelipokea? Nikamwandikia kwamba Madame ameyapeleka tena majina yote mawili, langu na lake, kwa orodha moja, na kwamba sijui kama wameyapokea. Hakunisamehe siku ile. Wala sikumwomba afanye haraka.

Mdogo wangu, sasa nasema wazi, kwa maneno niliyopewa na Mama Kavira. Siku utakapokaa mbele ya meza ile ukaulizwa kama una ulemavu, sema ndiyo. Usiishie hapo, sema pia unachokiweza, na unachohitaji ili ukiweze. Pengine watakuandika, pengine watakurudisha, hakuna wa kukuahidi. Lakini wakikurudisha, wakurudishe wewe, wasirudishe mtu usiyemfahamu kwa sababu wewe ulikosekana kwenye hesabu. Usiende peke yako kama una wa kukusindikiza. Na ukiwa umeshakosea kama mimi, usingoje Jumatatu. Ijumaa ni ngumu, lakini inapitika. Anayekupenda akikuambia ujifiche, mshukuru kwa upendo wake, kisha ingia uani na fimbo yako.

Mungu awatangulie kwenye kila mlango wa ofisi mtakaougonga. Awape wa kusimama kando yenu, na awape sauti siku hiyo, hata nyinyi mlio na haya. Mama Kavira anawabariki kwa mkono wake mmoja, ameniambia niandike hivyo hivyo.

Naomba mniandikie, hata mistari miwili, hata herufi zikianguka, mimi sitacheka. Niambieni, mkishasema ndiyo, mtasema nini baada yake? Mpeni Madame Masika karatasi zenu. Nasoma polepole, lakini nitazisoma zote.

Kambale, Beni